Paneli Haikufa: Uchambuzi wa Kisa cha Balbu za Kiyoyozi Kwenye Gari la Kifahari la Zamani

Mzee alilileta gari jioni, na alifanya makusudi. "Fundi, ukilitazama saa hizi utanielewa," alisema, akanikabidhi funguo kabla hata ya salamu kwisha. Ni gari la kifahari la miaka ya 1990, viti vya ngozi, mbao halisi kwenye dashibodi, kiyoyozi cha kujiendesha chenye pande mbili: dereva anaweka joto lake, abiria la kwake. Injini husikii. Mwenyewe amelitunza mpaka zulia la chini ya pedali bado lina rangi yake.

Malalamiko yake yalikuwa haya. Kioo kidogo cha kiyoyozi kilikuwa giza upande wa dereva. Upande wa abiria namba zilionekana kwa mbali, kama mtu anasoma gazeti kwa mwanga wa jirani. Chini yake kulikuwa na vitufe: kimoja hakiwaki kabisa, kimoja kinawaka rangi ya samawati wakati wenzake ni kijani, na cha AUTO kilikuwa chekundu chekundu, mwanga wa kaa linalozimika. Alishaambiwa mahali fulani kwamba "kompyuta ya kiyoyozi imeungua" na dawa yake ni kubadilisha paneli nzima. Paneli nzima ya gari la namna ile, hata iliyotumika, ni jambo la kukaa chini na kufikiri.

Nilimwomba tochi ya simu yake. Nikaielekeza kwenye kioo kwa pembeni, si moja kwa moja, nikainamisha kichwa. Namba ikatokea: 22.0, nyembamba, imefifia, lakini ipo. Nikabonyeza kitufe cha kuongeza. Ikawa 22.5. Nikaongeza mpaka 28, hewa ya upande wa dereva ikaanza kutoka ya moto. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe inafanya kazi?"

Inafanya kazi. Kioo cha aina hii, LCD, hakitoi mwanga wake chenyewe. Kazi yake ni kama pazia: kinafungua na kuziba njia ya mwanga unaotoka nyuma. Huko nyuma, kwenye magari ya enzi hiyo, kuna balbu ndogo zenye uzi wa tangsteni, ndugu wa balbu za nyumbani za zamani. Balbu ikifa, pazia linaendelea kufunguka na kufunga gizani, na hakuna anayeona. Kwa hiyo tochi ya pembeni ndiyo kipimo cha kwanza. Kinachukua sekunde kumi na kinakuambia kama ubongo wa paneli uko hai, kabla hujagusa bisibisi.

Mengine nilipita haraka. Gurudumu la kupunguza mwanga wa dashibodi nililizungusha mwanzo mpaka mwisho, maana nimeshaona mtu akifungua dashibodi nzima kwa sababu mtoto alilichezea lile gurudumu. Fyuzi sikuhangaika nayo: upande mmoja ukiwaka na mwingine haukuwaka, na wote wanakula umeme wa njia moja, fyuzi haina kesi ya kujibu.

Mzee aliuliza swali zuri: kwa nini kioo kimekufa kabla ya vitufe vingi? Kwenye gari lile kioo kina mandhari nyeusi na namba zinazong'aa, kwa hiyo balbu zake huwaka mara tu ufunguo unapozungushwa, mchana na usiku. Zile za vitufe huwaka taa za nje zikiwashwa tu. Halafu kuna jambo la mchana: kompyuta hupeleka mwanga wote kwenye kioo ili namba zishindane na jua, na hupunguza usiku. Yaani balbu za kioo zinafanya kazi saa nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Ajabu ingekuwa zifuatane na wenzake.

Na nguvu hapa ina hesabu yake. Umri wa balbu ya uzi hubadilika kwa kasi sana volti zikibadilika. Zikipanda kwa asilimia 5 tu, umri hupungua karibu nusu. Zikishuka kwa asilimia 5, mwanga hupungua kama asilimia 16, lakini umri unakaribia mara mbili. Gari likiwa linatembea, alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, inapeleka volti 14 na ushei, si 12. Ndiyo maana mtu anayeendesha usiku huku gurudumu la mwanga liko juu kabisa anazila balbu zake mwenyewe.

Kazi tuliifanya kesho yake asubuhi. Hapa ndipo palipo na uzito wote wa kisa hiki, kwa sababu kubadilisha balbu yenyewe ni robo mzunguko wa kidole. Kuifikia ni saa mbili.

Kwenye gari lile mlango wa kuingilia ni kibakuli cha majivu ya sigara. Ukikitoa, nyuma yake kuna skrubu mbili, na hizo zimeshika ukingo wa chini wa ubao wa mbao unaozunguka redio na kiyoyozi. Ubao huo hauwezi kutoka kama mkono wa gia uko kwenye maegesho, kwa sababu unaugonga. Sasa, mkono wa gia wa otomatiki haushuki bila umeme na mguu kwenye breki. Ukikata betri kwanza, kama mafundi wengi tulivyozoea, unajifungia nje. Kwa hiyo: breki ya mkono, kigingi kwenye gurudumu la nyuma, ufunguo, gia chini, na baada ya hapo ndipo unakata kichwa hasi cha betri. Kabla ya kukata nilimuuliza mzee kama ana namba ya siri ya redio, maana redio nyingi za enzi hiyo hujifunga umeme ukikatika. Alikuwa nayo, imeandikwa kwa penseli ndani ya kitabu cha gari. Mzee wa namna hiyo unampenda.

Baada ya kukata betri tulisubiri dakika kadhaa. Magari ya umri huo yana mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali, yenye chaji inayobaki muda mfupi, na ingawa paneli ya katikati si mahali pake, sipendi kupapasa nyaya za dashibodi nikiwa na haraka.

Ubao wa mbao ndio ulionitoa jasho. Watu wanadhani ni kipande cha mbao nzima. Ni ganda jembamba la mbao lililobandikwa juu ya kiini kingine, likapakwa vanishi nzito ngumu kama kioo. Ukiukunja hata kidogo, vanishi inapasuka mistari, na mistari hiyo haifutiki. Ndani una vibanio vya plastiki vya miaka thelathini ambavyo vimekauka. Nilitumia kabari ya plastiki, si bisibisi, na kikausha nywele kwa joto la chini ili plastiki ilegee. Unaingiza kabari karibu kabisa na kibanio, sio katikati ya viwili, unakisikia kinaachia, ndipo unahamia kinachofuata. Kibanio cha tatu hakikuachia, kilivunjika. Sauti yake ni kama ya karanga mdomoni. Mzee alinitazama, nikamwonyesha kwamba kilichovunjika ni kibanio na si ubao. Kibanio hupatikana.

Redio ilitoka kwa funguo zake mbili za chuma, kisha skrubu nne, na paneli ya kiyoyozi ikaja mbele kwa urefu wa nyaya zake. Plagi za nyuma zina ulimi wa kubonyeza. Bonyeza, shika plagi yenyewe, usivute nyaya. Nilizipiga picha kabla ya kuzitoa, ingawa kila moja ilikuwa na umbo lake na isingeingia pasipo pake.

Juu ya kitambaa, mezani, ndipo historia ya gari ilipofunguka.

Paneli ilikuwa na balbu sita: mbili nyuma ya kioo, nne nyuma ya vitufe. Zote ni za saizi inayoitwa T5, kioo chake kina kipenyo cha kama milimita 5, zimechomekwa kwenye vishikizo vya plastiki vinavyozungushwa robo mzunguko kwenye bodi ya saketi. Juu ya kila moja kulikuwa na kofia ndogo ya mpira ya kijani. Rangi ya kijani unayoiona usiku haitoki kwenye balbu, inatoka kwenye kofia hiyo, kwa hiyo anayeitupa pamoja na balbu iliyokufa atashangaa kwa nini dashibodi yake imegeuka njano.

Balbu ya kioo upande wa dereva ilikuwa nyeusi ndani kama chemni ya kandili lisilopunguzwa utambi. Hiyo ni tangsteni yenyewe: uzi unapowaka huvukiza chembe zake polepole, chembe zinaganda kwenye kioo, uzi unakonda mpaka unakatika. Ya upande wa abiria ilikuwa hai, lakini nayo imeshaanza kuwa na moshi. Ndiyo maana namba zake zilikuwa zinasomeka kwa mbali. Ile isingemaliza miezi mingi.

Kwenye vitufe, moja ilikuwa imekatika uzi. Moja ilikuwa nzima, ya asili. Moja ilikuwa LED, taa isiyo na uzi, iliyowekwa na mtu aliyetangulia, na ndiyo iliyotoa ile samawati. Na ya nne, nyuma ya kitufe cha AUTO, ilikuwa balbu ya uzi kama wenzake, saizi ileile, shingo ileile, lakini nilipoisafisha nikaisoma kwa miwani ilikuwa imeandikwa 12V 2.3W. Wenzake wote wa uzi walikuwa 12V 1.2W.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu balbu hii moja ndiyo kisa chenyewe. Zile nyingine zilikufa kwa uzee tu.

Balbu ya wati 1.2 na ya wati 2.3 zinaingia kwenye kishikizo kimoja bila kulalamika. Hakuna kinachokuzuia. Lakini ya pili inatoa karibu mara mbili ya joto, ndani ya chumba kidogo cha plastiki kisicho na upepo. Kofia ya kijani ilikuwa imegeuka rangi ya majani makavu na kuwa ngumu. Mdomo wa kishikizo ulikuwa umelegea na kupinda. Plastiki nyeupe ya kupitishia mwanga, ile inayousambaza nyuma ya maandishi, ilikuwa na doa la kahawia la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

Na pamoja na moto wote huo, kitufe cha AUTO ndicho kilichokuwa na mwanga hafifu kuliko vyote vilivyowaka. Balbu kubwa zaidi, mwanga mdogo zaidi. Mzee alisema, "Fundi, hiyo haiingii akilini." Kweli haiingii, mpaka uache kuitazama balbu na uanze kutazama njia.

Niliweka balbu mpya sita, zote 1.2W, na kofia mpya za kijani. Kabla ya kufunga chochote nilirudisha plagi, nikarudisha betri, nikawasha ufunguo na taa. Hii hatua usiiruke hata ukiwa na hakika ya mbinguni; hakuna aibu kama kurudisha ubao, skrubu na kibakuli cha majivu halafu kitufe kimoja kinakutazama gizani. Tano ziliwaka sawasawa. Ya AUTO, mpya kabisa kutoka kwenye pakiti, iliwaka nyekundu na kufifia, ileile kama ya zamani.

Kipimo kikatoa jibu. Kwenye njia za bodi ya saketi nilipata volti 12.4. Kwenye miguu ya kishikizo, balbu ikiwa inawaka, volti 9 na kidogo. Volti tatu zilikuwa zinapotea kati ya shaba ya bodi na ulimi wa kishikizo, mahali pembamba kama unene wa ukucha. Balbu ya uzi ikipewa robo tatu ya volti zake haitoi robo tatu ya mwanga. Inatoa kama theluthi, tena mwekundu. Nilipokigusa kishikizo kwa ncha ya kabari, mwanga ulipanda na kushuka.

Kwa hiyo nadhani mambo yalikwenda hivi. Mgusano ulianza kuwa mbovu, kitufe kikafifia. Mtu aliyetangulia akaona mwanga mdogo, akaamua balbu ni dhaifu, akaweka yenye nguvu. Balbu yenye nguvu huvuta umeme mwingi zaidi: ya wati 1.2 inakula kama ampea 0.1, ya wati 2.3 inakula karibu ampea 0.2. Umeme mwingi ukipita kwenye mgusano mbovu, mgusano wenyewe unapata moto. Shaba ikaungua na kuwa nyeusi, ulimi wa kishikizo ukapoteza mkazo, mgusano ukazidi kuwa mbovu, mwanga ukarudi kuwa mdogo. Dawa ililisha ugonjwa.

Matibabu yalikuwa ufutio wa penseli. Nilisugua ile duara ya shaba mpaka ikang'aa, nikaifuta kwa spiriti, nikainua ndimi za kishikizo kingine kizima nilichokuwa nacho kwenye boksi la vipuri, nikakizungusha mahali pake. Volti 12.3 kwenye miguu. Kitufe kikawa kijani kama ndugu zake.

Katikati ya haya mzee alikuwa ameshika balbu yake moja ya asili, ile nzima, na kipimo changu. "Hii nayo mbovu," akasema. "Inasoma oms kumi na moja, imegusana." Nilimwelewa, maana hesabu ya haraka inasema balbu ya volti 12 na wati 1.2 inapaswa kuwa na oms 120. Lakini 120 ni ya uzi ukiwa unawaka. Tangsteni ikiwa baridi ina ukinzani mdogo sana, kama sehemu moja ya kumi. Ndiyo sababu balbu nyingi hufa wakati wa kuwashwa: sekunde ya kwanza umeme unaingia kwa kishindo kabla uzi haujapata moto. Balbu yake ilikuwa nzima. Hata hivyo sikuirudisha. Ina umri uleule wa zilizokufa, na mimi sitaki kupasua kibanio kingine cha ubao ule mwakani kwa ajili ya kitu kidogo kuliko punje ya mahindi. Ukifungua kwa moja, badilisha zote. Ile nzima aliiweka kwenye mfuko wa shati.

Kuhusu LED tulibishana kidogo, na sikumlazimisha. Yeye alitaka zote ziwe LED, "ziishi milele." Hoja yake ina nguvu: hazipati joto, zinakula umeme kidogo, na zinadumu. Lakini paneli hii ilichorwa kabla LED nyeupe haijawapo. LED ya samawati yenye mwanga wa kutosha ilitangazwa na Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia ya Japani mwaka 1993, na nyeupe ikaingia sokoni mwaka 1996. Kazi ya LED ya samawati ndiyo iliyompa yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Waliochora gari hili walikuwa na uzi wa tangsteni mkononi, wakatengeneza plastiki ya kusambaza mwanga unaotoka pande zote, wakachagua kofia ya kijani kwa mwanga wenye unjano. LED nyingi hurusha mwanga mbele. Ukiichomeka humo, katikati ya kitufe panachoma macho na pembeni pana kivuli. Na mwanga wake baridi ukipita kwenye kofia ileile unatoka rangi nyingine, ndiyo ile samawati aliyokuwa anaiona. Gurudumu la kupunguza mwanga nalo liliiendesha vibaya: ilikuwa inang'aa ileile mpaka karibu na mwisho, halafu inazima ghafla.

Zipo LED zinazotoa mwanga pande zote na zenye rangi ya joto, na kwenye paneli nyingine zinakubali vizuri. Anayezitaka azijaribu mezani, gizani, kabla ya kufunga, na akumbuke kwamba zina upande wa chanya na hasi: isipowaka, ichomoe, igeuze, irudishe. Mimi kwa gari hili nilichagua uzi, na nikamwambia ashushe gurudumu la mwanga hatua moja chini ya mwisho. Kwa macho huoni tofauti. Kwa balbu ni umri.

Jambo dogo la mikono: ule ushauri wa kutoshika kioo cha balbu kwa vidole ni wa balbu za halojeni za taa kubwa. Hizi hazina shida hiyo. Nilizifuta kwa kitambaa tu, kwa sababu ya mafuta ya kofia za mpira.

Kurudisha vitu hakuna cha kusimulia, isipokuwa sauti. Mzee alipowasha gari baada ya betri kurudishwa kwa mara ya mwisho, ndani ya dashibodi kukaanza mnong'ono: mlio wa injini ndogo, tiki, kimya, mlio mwingine upande wa pili. Akanitazama kwa hofu. Kwenye magari mengi yenye kiyoyozi cha kujiendesha, umeme ukikatika kompyuta husahau vibao vinavyoelekeza hewa viko wapi, kwa hiyo huvipeleka kila kimoja mwanzo mpaka mwisho kujikumbusha. Nilimwambia asiguse kitufe chochote kwa dakika mbili. Mlio ukaisha, hewa ikatulia kwenye miguu, namba zikasimama: 22.0 kwake, 22.0 kwa abiria, zote kijani, zote sawa.

Alizima taa za karakana mwenyewe ili aone. Akaegemea, akatazama muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya neno AUTO. Upande wa kushoto wa herufi ya A kuna kivuli chembamba, kama moshi umepita. Ni lile doa la kahawia. Plastiki iliyoungua haisafishiki, na kuibadilisha kungehitaji kupata paneli nyingine ya kuvunja. Nilimweleza hivyo, nikamwambia naweza kumtafutia.

"Liache," alisema. "Nani mwingine atalijua?"

Nilimwandikia kwenye karatasi, ndani ya kitabu chake cha gari, chini ya ile namba ya redio: balbu sita, T5, 12V 1.2W, kofia ya kijani, gia ishushwe kabla ya kukata betri.